Sarafu ya 1780 na ndururu ya Edward kwa mkebe wa shosho, feki ama?

mjukuu_wa_shosho
Wasee habari. Shosho alituacha mwaka jana, juzi tukipanga nyumba yake nikapata mkebe wa Kimbo umejaa sarafu, nyingi ndururu zile za shimo. Mbili ndizo zinanisumbua. Moja ni kubwa na nzito, ina mama mnene amejifunika kitambaa kichwani, nyuma kuna tai wa vichwa viwili, mwaka 1780. Nyingine ni ndururu ya 1936 imeandikwa EDWARDVS VIII na herufi zake zinaonekana mbili mbili kama nimelewa. Jamaa mmoja huku tao ameangalia ile kubwa akasema ni feki lakini atanipea mia tano nimwachie. Halafu kwa simu kuna mwingine anasema ndururu ni laki tatu ila kwanza nitume elfu mbili ya usajili. Niamini nani? Hiyo kubwa nishaanza kuisugua na dawa ya meno, nusu hivi.

fundi_wa_mizani
WACHA HIYO DAWA YA MENO. Kila ukisugua unaacha mikwaruzo midogo na mnunuzi anayejua ataiona akiigeuza tu kwa taa. Uchafu ungebaki ungekuwa na bei kuliko huo mng'ao.

Sasa, huyo mama ni Maria Theresa wa Austria. Alikufa Novemba 1780 na sarafu ikaendelea kupigwa na mwaka huohuo, Vienna, halafu baadaye London, Roma, hadi Bombay, juu wafanyabiashara wa Ethiopia na Arabuni walizoea hiyo sura na hawakutaka ingine. Kwa hivyo 1780 haikuambii umri wake, inaweza kuwa ya juzi na bado ikawa halali. Swali ni kama ni madini ya fedha (silver). Enda kwa sonara aipime, inafaa kuwa gramu 28 na kidogo. Pembeni kwa ukingo lazima kuwe na maandishi yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, za kumiminwa kwa kalibu huwa na mstari wa kuungia pale au vitundu vya hewa. Sumaku usiiamini sana, ikinasa ni chuma basi, lakini isiponasa bado inaweza kuwa shaba na nikeli.

Ya mwisho, weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa chini. Ikisoma kama gramu 2.7 au 2.8 uko sawa, ikipita 3 umeuziwa upepo.

peni_na_thumuni
Na huyo wa elfu mbili mblock. Anayenunua ndiye hutoa pesa, wewe utume ya nini?

Ndururu za Edward wa Nane, yule mfalme wa Uingereza, ni za ukweli lakini si adimu. Alitawala 1936 tu, akaacha kiti Desemba, Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikufika sokoni ila za huku zilikuwa na shimo na jina bila kichwa, kwa hivyo zilitoka, tena nyingi. Ukiona H au KN ndogo hiyo ni alama ya kiwanda cha Birmingham.

Hizo herufi mbili mbili, tafuta lenzi. Kama kivuli ni bapa kama ngazi na herufi yenyewe imekonda, ni mashine ilicheza wakati wa kugonga, haiongezi kitu. Muhuri uliochongwa mara mbili huacha herufi nene, zote zimevimba sawa, na ncha zimegawanyika kama mkia wa mbayuwayu. Tuma picha ya karibu, si hii ya gizani.

mjukuu_wa_shosho
Nimerudi. Sonara amepima 28.05, kwa maji 2.76, maandishi ya ukingo yapo. Ndururu nimeangalia na lenzi ya fundi wa saa, ni ngazi bapa 😂 laki tatu imeenda.

fundi_wa_mizani
Kubwa ni fedha basi. Bei yake itakaribia ya fedha yenyewe kwa uzito, toa kidogo kwa sababu ya dawa ya meno. Iweke kwa karatasi, si nailoni laini, hiyo huacha ukijani.

mjukuu_wa_shosho
Yule wa tao nimempitia tena bila kumwambia nimepima. Sasa "feki" imefika elfu mbili na mia tano. Nimeirudisha kwa Kimbo.