Kwa nini kila paper wanatumia nitreti? Maabara yetu ina kloridi na salfeti tu

kemia_meru
Habarini wakuu. Niko Arusha nafanya masters, mradi wangu ni kutoa floridi kwenye maji ya visima vya huku chini ya Mlima Meru, wenyewe mnajua meno ya watoto wa huku yanavyokuwa kahawia. Nataka kutengeneza ile hidroksidi ya matabaka ya magnesiamu na alumini inase hiyo floridi, sasa kila paper ninayofungua wanaanza na nitreti za hayo madini mawili na hakuna anayeeleza sababu. Sisi tuna kloridi ya magnesiamu na salfeti ya alumini, nitreti mpaka iagizwe na kibali cha Mkemia Mkuu kifuatiliwe. Nikitumia zilizopo naharibu kitu au ni mazoea tu ya watu?

titresheni
Salfeti iache kabisa mkuu. Hayo matabaka yana chaji chanya, kwa hiyo katikati yake lazima zikae ioni hasi, na hazishikwi sawasawa. Kaboneti inang'ang'ania kuliko zote, salfeti nayo kutoka ni kazi, halafu kwenye zenye chaji moja zinafuatana hidroksidi, floridi, kloridi, bromidi, nitreti huko mkiani. Floridi ikifika inamsukuma nitreti nje kirahisi lakini kwa salfeti haina ubavu. Kloridi inatumika, ila osha mpaka maji ya kuoshea ukidondoshea nitreti ya fedha yasiweke ule ukungu mweupe. Na maji yako yachemshe kwanza hewa ya ukaa itoke, la sivyo unajikuta umetengeneza ya kaboneti bila kutaka.

tanuri500
Naongezea upande wa moto maana ndio sababu kubwa kwenye kemia ya maada kwa ujumla. Nitreti za metali nyingi ukizichoma zinabaki oksaidi tupu, nitrojeni yote inaondoka kama hewa, wakati salfeti inabaki humo mpaka joto kali sana na kloridi inaacha mabaki yanayokula vyombo. Ndio maana hata oksaidi ya zinki au vichocheo vya nikeli watu wanaanzia huko. Ila ile hewa ya kahawia inayotoka nitreti ikichomwa ni sumu, tanuri liwe chini ya kabati la kunyonya moshi, na nitreti usiiweke karibu na spiriti wala karatasi maana inalisha moto. Watafiti kina Patil kule India mwaka 1988 walichanganya nitreti ya alumini na yurea wakaingiza kwenye tanuri la nyuzi 500, ikawaka ikatoka alumina kwa dakika chache, sasa hiyo nguvu usiichukulie poa.

dada_maji
Jamani haya ni maji ya kunywa! Nitreti ikitoka kwenye matabaka inaenda wapi? Inaingia kwenye ndoo ya mama wa watu. Kila gramu 19 za floridi zinazoingia zinatoa gramu 62 za nitreti, yaani ukishusha floridi kutoka miligramu 10 mpaka 1.5 kwa lita umeongeza nitreti kama miligramu 28, na kikomo cha WHO ni 50, na visima vingine vina nitreti yake tayari kutokana na vyoo na mbolea. Watoto wachanga ndio wanaoumia. Mimi ningekushauri utengeneze ya kaboneti, uioshe vizuri, kisha uichome nyuzi 450 hadi 500, hewa ya ukaa inatoka, na ukiitia kwenye maji yenye floridi matabaka yanajijenga upya yakiivuta ndani. Hapo hata kloridi ya alumini inafaa ukiosha vizuri. Pima pH na alumini baada ya kuchuja kwa sababu pH inapanda. Na kaboneti nunua ya maabara, usitumie magadi ya huku, yana floridi yake.

kemia_meru
Dada asante sana, hilo la nitreti kuingia kwenye maji sikulisoma popote. Basi kundi la kulinganisha nitalifanya kwa nitreti kidogo, la kutumika nitachoma. Kwa uwiano wa magnesiamu 2 kwa alumini 1 nipime gramu ngapi za nitreti?

titresheni
Hesabu na maji yaliyomo kwenye fuwele, wengi wanapotelea hapo. Nitreti ya magnesiamu ina molekuli 6 za maji, ya alumini 9, kwa hiyo kwa moli 0.02 na 0.01 ni gramu 5.13 na 3.75. Kopo likishafunguliwa lifunge haraka, nitreti zinavuta unyevu mpaka zinalowa na mizani inakudanganya. pH ishikilie kwenye 10 muda wote unapodondosha.