Seti ipi ninunue: Beat-Club, Old Grey Whistle Test au Midnight Special?

MpwaWaTanga
Habari za jioni, wanajamvi. Mjomba wangu anatimiza miaka 70 mwezi ujao, nami nimekusudia kumpa zawadi ya DVD za vipindi vya muziki vya mwanzo wa televisheni ya rangi. Nimebakiwa na tatu za kuchagua: Beat-Club ya Radio Bremen ya Ujerumani, The Old Grey Whistle Test ya BBC ya Uingereza na The Midnight Special ya NBC ya Marekani. Fedha zangu zinatosha seti moja tu. Naomba ushauri wenu.

MzeeWaSanturi
Kijana, hujatueleza lililo muhimu. Mjomba anapenda rock, soul au reggae? Alikuwa msikilizaji au mpigaji? Na hiyo Beat-Club ni ya miaka ipi? Kipindi kilianza Septemba 1965 katika nyeusi na nyeupe, kikaingia kwenye rangi mwishoni kabisa mwa 1969, kikakoma 1972. Seti zake zimegawanywa kwa miaka, na ukinunua ile ya kwanza hutaona rangi hata tone. Kwangu mimi ile ya mwisho haina mpinzani.

FundiDeki
Nami nauliza: ana deki gani na televisheni gani? DVD hupewa namba ya eneo la dunia, na deki ya eneo jingine huikataa; tena kuna mifumo miwili ya picha za televisheni, PAL na NTSC. DVD za Ulaya kwa kawaida ni za eneo namba 2 na mfumo wa PAL, za Marekani ni namba 1 na NTSC, ilhali sisi Afrika Mashariki tumewekwa namba 5.

Nasema haya kwa uchungu. Mwaka 2015 niliagiza seti ya Kimarekani kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, nikasubiri wiki saba, nikalipa ushuru uliokaribia nusu ya bei, kisha nikawaita rafiki zangu watatu waje tutazame pamoja. Deki ikaisoma diski, ikanguruma kidogo, ikaandika kwamba eneo si sahihi. Siku iliyofuata nikampelekea fundi mwenzangu, akabonyeza tarakimu kadhaa kwenye rimoti na deki ikafunguka. Nikarudi nyumbani kwa furaha, kumbe televisheni yangu ya chogo haikuifahamu NTSC: picha ilipanda juu bila kutulia, na rangi haikuwapo kabisa. Wanamuziki wa 1973, na mashati yao ambayo nilijua ni ya machungwa na zambarau, wote wakawa kijivu mbele yangu. Muuzaji alikataa kurudisha fedha kwa sababu boksi lilikwisha kufunguliwa.

BintiNgamiani
Poleni, kaka. Lakini mbona hakuna aliyetaja Soul Train, kile kipindi cha Kimarekani cha muziki wa soul na dansi? Don Cornelius aliianzisha Chicago mwaka 1970, na kuanzia Oktoba 1971 ikaonyeshwa katika miji mingine ya Marekani ikitokea Los Angeles. Ukitaka kujua rangi ilifanya nini kwenye muziki, tazama ile safu ya wachezaji wanavyopita katikati wawili wawili, na nguo zao.

MzeeWaSanturi
Dada yangu, wengi wa wasanii wa Soul Train walikuwa wakichezesha midomo huku santuri inapigwa. Hilo mtu wa muziki hawezi kulifumbia macho.

BintiNgamiani
Shikamoo, mzee. James Brown alipiga laivu na bendi yake humo. Zaidi ya hayo, Beat-Club unayoipenda nayo ilichezesha midomo miaka yake ya mwanzo.

MzeeWaSanturi
Marahaba. Ni kweli, lakini ilipoingia rangi, bendi zilianza kupiga laivu studioni, na mwongozaji Michael Leckebusch akazijaza picha nyuma yao. Mwanamuziki husimama mbele ya ukuta wa buluu, mtambo ukaiondoa buluu yote na kuingiza picha nyingine mahali pake. Aliyevaa shati la buluu shati lake nalo lingetoweka.

MpwaWaTanga
Nawashukuru nyote. Niliwaficha jambo bila kukusudia: mjomba alipiga gitaa la besi katika bendi ya dansi kwa miaka mingi. Televisheni yake ni bapa, ilinunuliwa mwaka jana. Deki ni ya zamani kidogo.

KidoleChaBesi
Hapo mambo yamebadilika. Mpiga besi anataka kuviona vidole, na zile picha za Leckebusch mara nyingi huvifunika. Whistle Test ilianza Septemba 1971 katika studio ndogo isiyo na pambo wala watazamaji, na kamera haikuwa na pa kwenda ila kwenye vyombo. Watazame Wailers, bendi ya reggae ya Bob Marley, wa 1973: mpiga besi wao Aston Barrett ametulia, kichwa kimeinama, mkono wa kulia hauna haraka. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi kujifunza anavyouacha mpigo upite bila kuujaza. Midnight Special nayo ilipigwa laivu, mbele ya watu, usiku wa manane wa Ijumaa kuanzia Februari 1973, ila kamera yake iliwapenda zaidi waimbaji.

BintiNgamiani
Mkizungumzia BBC, msisahau Top of the Pops, kipindi chao cha nyimbo zinazovuma. Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, alitokea humo na bendi yake ya Queen kwa mara ya kwanza Februari 1974, walipoitwa kujaza nafasi iliyoachwa wazi.

FundiDeki
Sehemu kubwa ya kanda za Top of the Pops za miaka hiyo zilifutwa. Kanda ya video ya upana wa inchi mbili ilikuwa ghali, ikarekodiwa juu yake kipindi kingine. Onyesho la mwimbaji David Bowie la Januari 1973 lilipatikana tena mwaka 2011 kwa sababu tu mpiga kamera mmoja alijiwekea nakala yake.

MzeeWaSanturi
Inaniuma kila ninapolisikia hilo. Radio Bremen walizitunza zao, ndiyo maana leo tunachagua seti. Sijabadili kauli: Beat-Club, ile ya mwisho.

KidoleChaBesi
Mzee, kwa heshima zote, vidole havionekani.

FundiDeki
MpwaWaTanga, kabla hujalipa popote, igeuze deki ya mjomba, usome namba iliyo ndani ya alama ya dunia kwa nyuma, kisha utuandikie hapa.