Kuuza nyumba Nairobi: kampuni ya wakala ina uzito, au niangalie mtu tu?

Kipepeo_SouthB:
Nauza mezoneti ya vyumba vitatu South B, bei milioni 18. Wakala wa kwanza yuko kampuni yenye jina: asilimia 3 na VAT juu yake, mkataba wa kuuza peke yao miezi 6. Wa pili ana ofisi ndogo, asilimia 2, hajasajiliwa VAT. Nimchukue nani?

Mizani:
Jina la kampuni halileti mnunuzi, ila mkataba unausaini na kampuni, si na yule aliyekuja kupiga picha. Akihama kesho, nyumba yako inabaki kule na unapewa mtu usiyemjua. Weka kifungu: huyu akiondoka, una ruhusa ya kujitoa kwa notisi ya siku 14. Miezi 6 ni mingi mno, dai siku 90.

Hilo neno "peke yao" lisome mara mbili. Kuna mkataba unaozuia mawakala wengine tu, na kuna ule unaokudai kamisheni hata ukimuuzia jirani uliyempata mwenyewe. Wa pili ukatae. Na mkataba ukiisha, wakupe orodha ya majina ya waliowaleta kuona nyumba, la sivyo kila atakayenunua baadaye watadai ni wao waliomleta.

Hesabu yako: mkubwa ni 540,000 na VAT ya 86,400, jumla 626,400. Mdogo ni 360,000. Muulize huyo mkubwa hiyo 266,400 ya ziada inanunua nini hasa.

Wakili_Mtaa:
Kabla ya kamisheni, usajili. Sura ya 533 ya sheria za Kenya inakataza mtu kufanya uwakala wa nyumba bila kusajiliwa na bodi ya mawakala wa nyumba. Chukua namba yake ya usajili uithibitishe kwenye bodi; bango na kadi si usajili, hata kwa kampuni kubwa.

Amana ya asilimia 10, yaani milioni 1.8, iende akaunti ya wakili wako na ishikwe hadi uhamisho ukamilike. Wakala anayetaka ipitie kwake, achana naye. Kamisheni nayo ilipwe mauzo yakikamilika. Ukilipa siku ya kusaini na mnunuzi akakosa mkopo, kuirudisha ni vita.

Fundi_Bei:
Mimi ningempima kila mmoja kwa bei. Mwambie akuonyeshe mezoneti zilizouzwa kweli mtaani kwako, si zilizotangazwa. Wengine hukutajia milioni 21 ili usaini. Mnunuzi wa mkopo akija, mthamini wa benki anaandika 18, na pengo hilo mnunuzi hana, basi miezi imepotea.

Na kabla ya tangazo lolote fanya upekuzi wa hati Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, na ulipe reti za kaunti. Kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15 ya faida, lakini ukiwa umeishi humo miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza, makao yako binafsi hayatozwi. Tunza bili za stima na maji za miaka hiyo.