Konokono na makoa kwenye vyungu vya ndani, nifanyeje?

Bi Mrehani, Mji wa Kale
Assalamu alaikum. Tangu masika yaanze, kila asubuhi nakuta majani ya mrehani yametobolewa, na michirizi ya ute unaong'aa imepanda kutoka kwenye kisahani hadi ukutani, ilhali vyungu vyote vimo sebuleni. Jirani amenishauri ninyunyize chumvi juu ya udongo, nami nachelea kuiunguza miche. Nina paka pia. Naomba ushauri.

Mkulima wa Kisauni
Waalaikum salaam, dada. Chumvi usiiguse. Ni kweli humkausha konokono akafa, lakini hubaki udongoni na kuinyima mizizi maji. Wadudu hawa hutoka usiku, kwa hiyo mchana inua kila chungu, ukague tundu la kutolea maji na upande wa chini wa kisahani, maana koa, asiye na gamba la kumkinga na ukavu, hujificha hapo penye unyevu. Ukikuta mayai madogo meupe yamerundikana udongoni, badilisha udongo wote. Usiku waokote kwa tochi, ukiwa na glavu.

Babu wa Likoni
Glavu si pambo, binti yangu. Konokono mkubwa wa pwani yetu, ambaye gamba lake laweza kufikia sentimita 20, huweza kubeba mnyoo wa mapafu ya panya, ambao ukimwingia binadamu hushambulia ubongo. Mrehani wa kula uoshe jani kwa jani. Tena kagua kuta zilizopakwa chokaa, kwani huikwangua ili wapate kalisi ya kujengea gamba.

Bi Mrehani, Mji wa Kale
Shukrani, babu. Je, jivu la jikoni au sumu ya dukani?

Mkulima wa Kisauni
Jivu huwazuia likiwa kavu tu; ukimwagilia maji, kazi yake imekwisha. Kuhusu sumu, soma kibandiko kwanza: tembe za metaldehidi huua paka na mbwa, kwa hiyo katika nyumba yako sizishauri hata kidogo. Afadhali zenye fosfati ya chuma, nazo uzitie chache. Binafsi ningeanza kwa kuhamishia umwagiliaji asubuhi, ili udongo wa juu uwe umekauka kabla ya magharibi.

Mama Miche, Nyali
Mche mpya unaponunuliwa kitaluni, uweke peke yake kwenye roshani wiki mbili tatu kabla ya kuuingiza ndani. Wengi huingia na udongo wake, wakiwa bado mayai.