Oili inavuja, injini 3S-FE: kuosha na poda, rangi ya UV, au kupima kwa upepo?

Mkazi wa Mbezi (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za saa hizi. Nina RAV4 ya 1997, milango mitano, modeli SXA11, injini 3S-FE, gia otomatiki, imetembea kilomita 214,000. Kwa miezi miwili sasa naongeza nusu lita ya oili kila baada ya wiki mbili. Asubuhi nakuta doa chini, usawa wa pale injini inapokutana na gia boksi. Moshi wa bluu hakuna, ila nikikaa kwenye foleni harufu ya oili inayoungua inaingia mpaka ndani.

Nimepita gereji tatu. Ya kwanza wameniambia sili ya nyuma ya kranki (mpira unaozuia oili pale injini inapokutana na gia boksi) imekufa, gia boksi lazima ishuke. Ya pili wamesema gasketi ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini. Ya tatu wanataka kubadilisha sili zote, mbele na nyuma. Hakuna hata mmoja aliyeosha injini kabla ya kutoa jibu, na hilo ndilo linaloniumiza. Gari hili ndilo linalopeleka watoto shule na mama yangu kliniki, siwezi kulilaza wiki nzima kwa kubahatisha.

Nataka kutafuta mwenyewe. Nimesikia njia tatu: kuosha na kupaka poda, kuweka rangi ya UV kwenye oili, au kusukuma upepo ndani ya injini. Mliowahi kuzitumia, ipi inafaa kwa gari la umri huu?

Fundi Sakina (Arusha)

Mkuu, kabla ya njia yoyote, hakikisha kwanza ni oili gani. RAV4 yako ina oili ya injini, ya gia boksi na ya pawa stelingi, na hizo mbili za mwisho zote ni ATF (oili ya gia otomatiki), nyekundu ikiwa mpya. Weka karatasi nyeupe chini usiku. Ukipata wekundu, unahangaika na injini bure. Ila ATF iliyozeeka huwa kahawia, kwa hiyo linganisha na kilichoko kwenye dipstiki zote mbili, rangi na harufu.

La pili: oili inashuka, na gari likitembea upepo unaisukuma nyuma. Tone unaloliona kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) linaweza kuwa limetoka juu kabisa. Usiangalie inapodondokea. Tafuta sehemu ya juu kabisa yenye unyevu, hapo ndipo uanze.

Kwa 3S-FE nina ninaposhuku kabla ya kufungua kitu. Distributa yake, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi, imekaa ubavuni mwa silinda hedi, upande wa gia boksi. Ina o-ringi moja, yaani pete ya mpira ya kuzuia oili. Ikikauka, oili inateremka nyuma ya hedi hadi kwenye kengele ya gia boksi (ganda linaloungana na injini), inadondokea palepale ambapo ingedondokea ya sili ya nyuma. Nimeona gia boksi zikishushwa kwa sababu ya o-ringi hiyo.

Bi Makorora (Tanga)

Mimi si fundi, nina Noah yenye injini hiyohiyo. Nilitumia poda ya watoto. Tuliosha injini ikiwa imepoa, mafuta ya taa kidogo na brashi, kisha sabuni na maji. Distributa, alteneta na mdomo wa hewa tulivifunika kwa mifuko ya plastiki. Tukaiacha ikauke kabisa, tukapulizia poda sehemu zote tunazoshuku mbali na mikanda, gari likawaka dakika 20 tukiwa tunamulika kwa tochi. Poda ikilowa inageuka rangi mara moja. Kwangu ilikuwa swichi ya oili, ile ndogo yenye waya mmoja. Tulimaliza mchana huohuo.

Nakusihi ndugu yangu, mafuta ya taa usiyaguse injini ikiwa ya moto, na petroli usiitumie kabisa.

Seif wa Ruwi (Muscat)

Poda ni nzuri kwa uvujaji wa haraka. Kwa unaotoka jasho tu, hautauona kwa dakika 20. Hapo rangi ya UV inashinda: unachanganya kichupa kwenye oili, unaendesha kawaida siku mbili tatu, halafu usiku unamulika kwa taa ya UV na miwani ya njano. Njia ya oili inawaka kijani mpaka inapoanzia. Nunua rangi ya oili ya injini, usichukue ya gesi ya AC. Ubaya wake ni kwamba injini ikiwa chafu, kila kitu kinawaka na hujui kipya ni kipi. Kuosha hukukwepi.

Gikomba Spana (Nairobi)

Kupima kwa upepo nimefanya mara nyingi, na ndiyo njia ya haraka kuliko zote ukiwa na kompresa yenye regyuleta ya kupunguza shinikizo. Unaziba njia za kupumulia za injini, unaingiza upepo kupitia bomba la dipstiki, unapaka maji ya sabuni kwenye maungio, unaangalia mapovu. Lakini shinikizo liwe dogo sana. Mimi sivuki psi 3. Fundi anayefungulia upepo wa kujazia tairi atang'oa sili nzima zilizokuwa hazina tatizo. Kama gereji haina regyuleta, usiwaruhusu.

Baba Tatu (Morogoro)

Kwa nini usumbuke? Weka 20W-50 na ile dawa ya kuzuia kuvuja, utasahau.

Fundi Sakina (Arusha)

Baba Tatu, oili nzito inapunguza mwendo wa kuvuja, sikatai, na dawa inalainisha mpira uliokauka kidogo. O-ringi iliyogeuka ngumu kama plastiki hairudi. Na kwake oili inagusa ekzosti, ndiyo hiyo harufu. Pale pana hatari ya moto, halifai jambo la kuficha.

Mkazi wa Mbezi (Dar es Salaam)

Wakuu, nimerudi. Jumamosi niliosha kama Bi Makorora alivyoelekeza. Poda ilionyesha unyevu baada ya dakika 12, chini ya distributa kabisa. Tapeti kava ilikuwa kavu isipokuwa kona moja. Swichi ya oili kavu. Chini kwenye kengele poda ilibaki nyeupe mpaka mchirizi kutoka juu ulipoifikia. Nililiona kwa macho yangu. Rangi ya UV sikuihitaji.

Nimechomoa distributa, o-ringi imevunjika vipande mkononi. Nimeweka mpya.

Gikomba Spana (Nairobi)

Hongera. Ulitia alama kabla ya kuchomoa? Matundu ya bolti zake ni marefu, ikizunguka kidogo taimingi (wakati wa plagi kutoa moto) imehama.

Mkazi wa Mbezi (Dar es Salaam)

Nilikwaruza mstari kwa bisibisi. Bado fundi wa mtaani alikuja na taa ya taimingi, akaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha kupimia, ikasoma digrii 10. Hakuna kilichohama.

Fundi Sakina (Arusha)

Bado kitu kimoja. Chomoa vali ya PCV, ile inayotoa presha ndani ya injini, kwenye tapeti kava. Puliza kwa mdomo upande wa injini, hewa ipite vizuri; upande wa manifoldi ipite kwa shida. Ikiziba, presha inajaa ndani na itasukuma o-ringi mpya kama ilivyosukuma ya zamani.

Mkazi wa Mbezi (Dar es Salaam)

Nimepuliza, haipiti kabisa pande zote mbili. Ilikuwa imejaa tope jeusi. Nimenunua mpya Ilala. Leo ni kilomita 600 tangu kazi iishe, kadibodi niliyoweka chini usiku ni kavu na dipstiki haijashuka. Ile kona ya tapeti kava nitaifungua nikibadilisha oili.

Kijana wa Nyegezi (Mwanza)

Naomba kuuliza, hiyo o-ringi naweza kuchukua ya bomba la maji yenye ukubwa uleule? Huku ya distributa sijaipata.

Fundi Sakina (Arusha)

Hapana, mdogo wangu. Nyingi za bomba la maji ni mpira usiovumilia oili, unavimba na kulainika. Omba ya nitraili, au vaitoni ukiipata, ambayo ndiyo inayohimili joto zaidi. Nenda na ile ya zamani dukani. Kama imekatika, pima mfereji wenyewe kwenye distributa.