Bima ya kutunzwa uzeeni huku Marekani, nikate au niachane nayo?

Habarini ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Niko Minnesota, nina miaka 54, mume wangu 59, na kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee kwa hiyo haya mambo nayaona kila siku, mtu alikuwa mwalimu leo unamlisha uji kwa kijiko na nyumba yake imeshauzwa kulipia kitanda. Serikali ya huku inasema karibu asilimia 70 ya wanaofika miaka 65 watakuja kuhitaji matunzo ya namna fulani, na Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee) hailipii matunzo ya muda mrefu, ukitoka hospitali inagharamia uuguzi mwisho siku 100 tena kwa masharti, Medicaid (ile ya serikali kwa wasio na uwezo) nayo mpaka ubaki huna kitu ndo ilipe.

Nimeongea na wakala wa bima, hela anayotaka kwa mwezi imenitoa jasho, na mzee ana sukari wanaweza wakamkataa. Yeye anasema turudi Moshi watoto watatulea (watoto wenyewe wako Texas, sijui anasemea wapi).

Naomba kujua, kuna aliyeikata akiwa na umri kama wangu? Na ukirudi Tanzania inalipa dada wa kukuhudumia nyumbani au hela ndo imeenda?