Sabuni ngumu, sabuni laini, krimu au kijiti: ipi inamfaa mwenye ndevu nene na shingo yenye vipele?

Mnyoaji wa Alfajiri (mleta mada)

Wakuu, salaam. Huu ni mwaka wa pili tangu niachane na povu la kopo na kuanza kunyoa kwa brashi na mashine ya wembe mmoja wa kubadilisha. Katika muda huo nimemaliza, au nimekaribia kumaliza, bidhaa nne ambazo ningependa tuzilinganishe hapa kwa utulivu, kila mmoja akieleza alichokiona kwenye ngozi yake mwenyewe na siyo alichokisoma kwenye kifuniko. Ndevu zangu ni nene na zimejikunja, na ngozi ya shingoni huota vipele kwa urahisi. Kwa hiyo harufu nzuri kwangu huja mwisho, na kitu cha kwanza ninachokitazama ni wembe unavyopita.

Krimu ya sandali ya Taylor of Old Bond Street, nyumba ya London iliyoanza mwaka 1854, ndiyo niliyoanza nayo, na bado sijaona iliyo rahisi kuizidi. Kiasi cha punje moja ya harage katikati ya brashi kinatosha uso mzima kwa mikono mitatu, yaani kuupitisha wembe mara tatu, na povu hupatikana kabla maji ya kwenye kioo hayajakauka. Proraso ya kijani, kutoka kwa akina Martelli wa Florence ambao kampuni yao ilianza mwaka 1908, ina mikalitusi na mentoli. Huburudisha sana, ila povu lake kwangu huwa jepesi kidogo kuliko la Taylor. Cella ya Milano, yenye harufu ya lozi, si krimu wala si sabuni ngumu: ni donge laini unaloweza kulibonyeza kwa kidole, na kwa utelezi imezishinda zote. Ya nne ni kijiti cha sabuni cha Arko cha Uturuki, ambacho nilikinunua kwa mzaha na sasa ndicho ninachosafiri nacho.

Tatizo langu ni sabuni ngumu. Ninayo moja yenye lanolini, ambayo sitaitaja jina kwa sababu huenda kosa ni langu, na kila ninapoitumia povu hufa shavuni kabla sijamaliza upande mmoja. Je, sabuni ngumu zina faida gani ambayo krimu haina, au ni mapenzi ya bakuli la mbao tu?

Bakuli la Mbao

Mkuu, jina langu linanishitaki, kwa hiyo nitajitahidi kuwa mwadilifu.

Wengi wanaolalamikia sabuni ngumu hawaipi brashi muda wa kushiba. Mtu aliyezoea krimu huzungusha brashi juu ya sabuni mara tano, akaona mapovu meupe, akadhani kazi imekwisha. Lakini mapovu yale ni maji yenye dalili ya sabuni. Fanya hivi: kabla ya kuoga, mwagia kijiko kimoja cha maji ya moto juu ya sabuni ukaiache. Ukirudi, mwaga yale maji, kung'uta brashi mpaka iache kudondosha, kisha izungushe juu ya sabuni kwa nusu dakika nzima au zaidi. Mwanzoni utasikia sauti ya maji. Baadaye sauti inazama, mapovu makubwa yanatoweka, na ncha za brashi zinashikwa na uji mzito unaovutika. Hapo ndipo unahamia usoni, ukiongeza maji kwa kuchovya ncha tu, tone baada ya tone. Povu likiwa kavu hufifia na kuonekana kama chaki. Likiwa tayari hung'aa kama rangi ya mafuta iliyotoka kupakwa. Hatua ya kutoka chaki hadi kung'aa ndiyo ambayo wanaoanza huiogopa, na ndiyo yenye utelezi wote.

Faida yake ni mbili. Sabuni iliyosagwa mara tatu kati ya roli, kama zile za D. R. Harris wa London, nyumba ya tangu 1790, hubaki na maji machache sana ndani yake, kwa hiyo hukaa muda mrefu mno. Ya pili ni kwamba unaamua mwenyewe uzito wa povu, wakati krimu imekwisha kuamua nusu ya jambo hilo kiwandani. Kuhusu mapenzi ya bakuli, nakiri.

Mpika Sabuni

Ninatengeneza sabuni za kunyolea kwa mkono, na ningependa kuongeza sababu zilizo chini ya haya mnayoyaona, kwa kuwa tofauti kati ya aina hizi nne ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Sabuni yoyote ni mafuta yaliyokutana na alkali. Ukitumia sodiamu haidroksaidi unapata kipande kigumu kama cha kuogea. Ukitumia potasiamu haidroksaidi unapata sabuni laini inayoyeyuka upesi kwenye maji. Krimu za asili hii karibu zote hutegemea potasiamu na zina maji mengi. Sabuni ngumu za kunyolea huchanganya zote mbili. Cella na wenzake huwa katikati. Kinacholifanya povu la kunyolea lisimame ni asidi ya stiariki, ambayo hupatikana kwa wingi katika shahamu ya ng'ombe na siagi ya shea, na ambayo watengenezaji wengi huiongeza ikiwa tayari imetengwa. Mafuta ya nazi hulileta povu haraka, lakini mapovu yake ni makubwa na yakizidi huikausha ngozi. Gliserini huvuta unyevu. Lanolini, yaani mafuta ya sufu ya kondoo, huiacha ngozi laini baada ya kunyoa, ila mafuta yoyote yaliyobaki bila kugeuka sabuni hulipunguza povu nguvu, na hiyo ndiyo maana sabuni yako, mleta mada, inataka brashi iliyoshiba zaidi kuliko nyingine.

Kwa hiyo ubishi wa shahamu dhidi ya mafuta ya mimea, ambao huchukua muda mwingi wa watu, mimi huuona kuwa wa pembeni. Nimepika za aina zote mbili zilizokuwa nzuri, na za aina zote mbili zilizokuwa mbaya.

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa ni maji. Kalsiamu na magnesiamu zilizomo katika maji magumu huikamata sabuni na kuigeuza kuwa utando usioyeyuka, na kila kiasi kinachokamatwa hakifanyi povu tena. Krimu haiepuki hilo, ila kwa kuwa huyeyuka mara moja na wengi huichota kwa ukarimu, hasara haionekani. Sabuni ngumu, ambayo brashi huichukua kidogo kidogo, inaumbuka. Jaribu kunyoa mara moja kwa maji yaliyokenekwa, yale safi yanayoongezwa kwenye betri za magari. Nasema maji, siyo asidi ya betri, na usome chupa mara mbili. Kikombe kimoja kinatosha.

Mnyoaji wa Alfajiri (mleta mada)

Ndugu Mpika Sabuni, umenifanya niinuke nikafungue birika. Chini lina ukoko mweupe kama chokaa. Nitajaribu na kuleta majibu.

Kinyozi Mstaafu

Nimenyoa watu kwa miaka mingi, na ninaona mnazungumza sana juu ya povu na kidogo juu ya shingo, ilhali mleta mada ameanza na shingo.

Vipele vya mwenye ndevu zilizojikunja vinatokea pale unywele unapokatwa ukaachwa na ncha kali, kisha ukipinda urudi ndani ya ngozi, au ukatwe chini kabisa ya uso wa ngozi ushindwe kutoka. Hakuna sabuni inayoweza kuuzuia unywele usipinde. Sabuni nzuri inachoweza kufanya ni kukuwezesha kunyoa bila kukandamiza wembe, bila kuivuta ngozi, na bila kurudia mahali palipokwisha kupitwa. Kwa hiyo katika ulinganisho huu ningeutenga utelezi na unene wa povu. Povu lililosimama kama kilemba linapendeza kwenye kioo, lakini wembe haukutani na kilemba; unakutana na ule utando mwembamba uliogusa ngozi. Baada ya wembe kupita, gusa mahali hapo kwa kidole chenye maji: kama bado panateleza, sabuni ni nzuri kwako, kama kidole kinakwama, hata ikiwa na jina la kifalme, iweke kando.

Kwa kipimo hicho, ninaipa sabuni laini ya Kiitaliano nafasi ya kwanza, kijiti nafasi ya pili, na krimu ya tatu. Najua kijiti kitawashangaza. Siri yake ni kwamba unakipaka moja kwa moja kwenye ndevu zilizolowa, kinyume na uelekeo wake, kwa hiyo sabuni inaingia shinani kabla brashi haijafika. Mteja mwenye ndevu ngumu nilimpaka kijiti kwanza, kisha juu yake nikaongeza krimu kidogo kwenye brashi. Vitu viwili hivyo pamoja hufanya kazi ambayo kimoja hakiwezi. Sharti moja: kijiti ni cha mtu mmoja. Vinyozi hupenda krimu ya tyubu kwa sababu hakuna ngozi inayogusa kilichobaki ndani, na wala sicheki na usafi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kulikuwa na watu waliougua kimeta kutokana na brashi za manyoya ya farasi yasiyosafishwa ipasavyo.

Kuhusu mentoli, kuwa mwangalifu. Haipoozi ngozi kwa kweli. Inaziamsha tu neva zinazohisi baridi, na mtu aliyeburudika hasikii kwamba amekwisha kujichubua. Kwa shingo yenye vipele, mimi ningeiacha.

Pua Nyepesi

Mzee Kinyozi, shikamoo. Ninaongeza moja tu juu ya harufu, kwa kuwa mimi ndiye ninayewashwa nazo. Limonini na linaluli, viungo vya manukato ambavyo hutoka hata katika mafuta ya asili ya maua na matunda, huwasumbua baadhi ya watu, na neno «asilia» kwenye kopo halimaanishi salama. Vilevile, msiamini sana sifa za zamani za bidhaa mnayoipenda: Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kiungo cha manukato kiitwacho liliali katika vipodozi kuanzia Machi 2022, na bidhaa zilizokuwa nacho zililazimika kubadilishwa. Soma orodha ya viungo ya kopo ulilolishika leo. Kwa ngozi nyepesi, Proraso nyeupe, yenye chai ya kijani na shayiri, imenitendea wema kuliko ya kijani, ingawa harufu yake ni ya upole mpaka unaisahau.

Kinyozi Mstaafu

Marahaba. Hilo la kusoma kopo ni la kweli.

Bakuli la Mbao

Mzee, ninakubali kuhusu utelezi, lakini naomba nisikubali kuhusu kilemba. Povu nene lina kazi yake: linaushikilia unyevu kwenye unywele, na unywele uliolowa vizuri kwa dakika mbili tatu hukatika kwa nguvu ndogo kuliko mkavu. Povu jembamba lenye utelezi hukauka shavu la pili linaposubiri zamu yake, hasa kwa mtu mwenye mkono wa polepole kama mimi.

Kinyozi Mstaafu

Basi tuseme hivi: wewe unanyoa polepole, mimi nilikuwa na foleni.

Mnyoaji wa Alfajiri (mleta mada)

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa. Nilinyoa kwa sabuni ileile yenye lanolini, brashi ileile ya manyoya ya nguruwe niliyoilowesha dakika kumi, nikalipaka shavu la kushoto povu la maji ya bomba na la kulia povu la maji yaliyokenekwa, nikiisafisha brashi vizuri katikati. Kushoto hali ilikuwa ileile: mapovu yanayopasuka kwa sauti ndogo ukitega sikio, na kingo zilizokauka. Kulia sikuamini. Povu lilikuwa zito, lenye kung'aa, na lilinisubiri nikatengeneza wembe, nikajibu simu, nikarudi. Kisha nilijaribu njia ya Bakuli la Mbao kwa maji ya bomba, nikiishibisha brashi kwa sekunde arobaini, na matokeo yakafika karibu robo tatu ya yale ya kulia. Kwa hiyo kosa lilikuwa nusu la maji na nusu la haraka yangu, na sabuni naiomba radhi bila kuitaja.

Kipimo cha kidole cha Mzee Kinyozi nimekifanya kwa zote tano. Cella kwanza, sabuni ngumu kwa maji safi pili, kijiti cha Arko tatu kwa tofauti ndogo mno, Taylor nne, Proraso ya kijani tano. Sikutarajia Taylor ishuke hivyo, maana machoni povu lake ndilo zuri kuliko yote. Hata hivyo asubuhi za kazi bado nitaishika hiyo krimu, kwa kuwa haigombani na maji ya bomba, na siku za mapumziko nitajaza chupa ndogo ya maji yaliyokenekwa kwa ajili ya ile ngumu.

Kinyozi Mstaafu

Na shingo je?

Mnyoaji wa Alfajiri (mleta mada)

Nimeacha mkono wa tatu kabisa, na shingoni napita mara moja tu kuelekea chini, juu ya kijiti na krimu kama ulivyosema. Ndevu zinakwaruza kidogo ukipitisha kiganja jioni. Leo asubuhi nimehesabu vipele viwili, vyote chini ya taya upande wa kushoto, mahali ambapo ndevu zinazunguka kama kisulisuli na bado sijajua zinaelekea wapi.